Vipara vya Uwanjani na Maji ya Udhu

Ifikapo mwezi wa Agosti, viwanja vya nyumba nyingi hapa kwetu Mbesa, mkoani Ruvuma, hubadilika sura. Mvua huwa zimekatika tangu Aprili au Mei, na nyingine hazitarajiwi kabla ya Novemba kuelekea Desemba. Ukoka uliokuwa kijani mlangoni hugeuka rangi ya kahawia, na katikati yake hujitokeza vipara: mabaka ya udongo mtupu, mengine mapana kama mkeka, ambayo huzidi kupanuka mwaka hadi mwaka. Mwenye nyumba akiviona, jambo la kwanza linalomjia ni kiu. Huagiza vimwagiwe maji. Ndoo mbili leo, ndoo mbili kesho, na mwezi ukiisha kipara kingali kipara.

Yawezekana msomaji akauliza majani ya uwanjani yana uzito gani hata yapewe nafasi katika kurasa za familia, ilhali kuna malezi, ndoa na mirathi ya kuandikiwa. Jibu letu ni kwamba, katika nyumba ambazo maji hayatoki bombani, kila ndoo inayomwagwa uwanjani imebebwa na mtu, na mtu huyo aghalabu ni mama au binti. Kwa hiyo suala la kipara si la mapambo peke yake. Ni suala la haki ndani ya nyumba, na ni suala la israfu, ambayo dini yetu inaikemea hata pale mja anapojiandaa kwa ibada.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kung'oa majani yote na kuufagia uwanja ubaki mweupe, kama walivyofanya wazee wetu. Wazee walikuwa na hoja: uwanja uliofagiwa humfichua nyoka, na ni alama ya nyumba yenye watu wasafi. Lakini nyumba nyingi za leo zimeezekwa bati. Maji ya mvua huteremka kwenye bati kwa nguvu, na yasipokuta majani huchimba mfereji kando ya ukuta, na baada ya misimu michache msingi huanza kuonekana. Kiangazi nacho huinua vumbi likaingia ndani, likatua kwenye vyombo na katika vifua vya watoto. Kwa ajili hiyo twaona njia ya kati ndiyo bora: mlangoni na jikoni pafagiwe, na sehemu iliyobaki ishikwe na majani mafupi yenye kutunzwa.

Hesabu ya ndoo

Kabla ya kutaja dawa, tupige hesabu. Maji ya kimo cha milimita moja yakitandazwa juu ya eneo la mita moja ya mraba ni sawasawa na lita moja. Tukitaka kuupa uwanja milimita 20 kwa wiki, kiasi ambacho si kikubwa kwa majani yanayokua wakati wa jua kali, basi uwanja wa mita 10 kwa 10 utahitaji lita 2,000. Hizo ni ndoo 100 za lita 20. Kila ndoo ina uzito wa kilo 20 za maji, mbali na uzito wa chombo chenyewe. Hakuna baba mwenye insafu ambaye, akishaiona hesabu hii, atamwagiza mkewe au bintiye abebe ndoo 100 kila wiki kwa ajili ya majani.

Lakini kipara chenye mita 2 kwa 2 ni jambo jingine. Kiasi kile kile cha maji juu ya eneo hilo ni lita 80, yaani ndoo nne kwa wiki, na tutaonesha kwamba hata ndoo hizo nne si lazima zitoke kisimani. Basi fundisho la kwanza ni hili: tusiunyweshe uwanja mzima, bali tukitibu kile kilichougua.

Kulala si kufa

Ukoka ni mmea wa bara letu la Afrika, na Mwenyezi Mungu ameuumba kwa hekima. Hutambaa juu ya ardhi kwa vitawi vyenye pingili, na chini ya ardhi kwa vitawi vingine visivyoonekana. Kiangazi kikizidi, huacha majani yake yakauke na kuuhifadhi uhai wake katika zile pingili na mizizi. Anayeutazama kwa juu hudhani umekufa, kumbe umelala. Mvua mbili tatu nzuri zikinyesha, uwanja wote hurudi kijani. Qur'ani imetukumbusha mahali pengi, na Surat al-Hajj ni mojawapo, juu ya ardhi iliyotulia kimya ambayo maji huishukia ikatikisika na kuotesha. Ukoka ni mmoja wa mashahidi wa jambo hilo walio karibu kabisa na miguu yetu.

Namna ya kutofautisha ni nyepesi. Ng'oa kitawi kimoja kilichokauka, kata pingili kwa kisu. Ikiwa ndani ni ngumu na nyeupe au ina kijani hafifu, mmea umelala. Uache, usipoteze tone la maji. Ikiwa ndani ni kavu na inavunjika kama kijiti, hapo mmea umekufa, na maji hayamfufui maiti. Katika hali zote mbili, basi, kumwaga maji sicho kinachohitajika kwanza. Aliyelala hahitaji, na aliyekufa hayamfai. Kinachohitaji kazi ni udongo.

Kumchunguza mgonjwa

Tabibu hatoi dawa kabla ya kuuliza. Chukua msumari wa inchi 6, uchome kwa mkono penye majani mazuri, kisha uchome kwenye kipara. Ukizama kwa wepesi mahali pa kwanza na kukataa kabisa mahali pa pili, ugonjwa ni udongo kushindiliwa. Hiki ni kisa cha kawaida kabisa, nacho hutokea palipo na njia ya mkato, palipochezwa mpira na palipoegeshwa pikipiki. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya hewa wala ya maji, na mizizi haiwezi kupenya.

Msumari ukigonga kitu kikavu chenye mlio, chimba. Mara nyingi utakuta vipande vya matofali, mabaki ya zege au tanuri la zamani la matofali ya kuchoma. Mafundi huchanganya zege juu ya ardhi tupu na kuondoka, na mahali hapo hubaki na kipara miaka mingi.

Kama udongo ni laini lakini majani hayaoti, mwagia maji kidogo uangalie. Iwapo maji yanabaki juu kama matone juu ya jani la mgomba, kisha yanateleza kando, basi udongo huo unakataa maji. Majani na mizizi iliyooza huacha utando wa mafuta juu ya chembe za mchanga, na udongo ukikauka mno utando ule huzuia maji kuingia. Hapa hata ndoo kumi zikimwagwa kwa mara moja, zote huenda mtaroni.

Tazama pia dalili za viumbe. Palipo na tabaka jembamba la udongo mbichi juu ya majani makavu, mchwa wapo kazini. Pale ambapo majani yanainuka kama mkeka ukiyavuta, mizizi imeliwa na mabuu meupe ya mende wa ardhini. Baka lenye majani makavu katikati na duara la kijani kibichi pembeni ni alama ya mkojo wa mbuzi aliyefungwa hapo: katikati umezidi ukaunguza, pembeni umekuwa mbolea. Na palipo na kivuli kizito cha mwembe, ukoka hautaki. Mmea huu unapenda jua. Hapo tusishindane na maumbile. Tupaache au tupande kitu kingine.

Kikao cha baada ya swala ya Alasiri

Suala hili lilitufikia sisi wa kamati ya msikiti kwa njia ya uwanja wa madrasa. Mbele ya chumba cha kusomea kulikuwa na kipara kipana, na kila kiangazi watoto walisoma katikati ya vumbi. Katika kikao kimoja ikatolewa rai kwamba kila mwanafunzi aje na dumu la maji la lita tano, siku tatu kwa wiki, tuunyweshe uwanja. Rai ilionekana kuwa njema, na baadhi ya wajumbe wakaanza kuiunga mkono.

Ndipo mama mmoja, mzazi wa wanafunzi wawili, akaomba kusema. "Maalim, na wewe katibu, mniwie radhi," akasema. "Majani haya yatanyweshwa kwa kichwa cha nani? Kisima mnakijua kilipo. Binti yangu huamka kabla ya Alfajiri kuteka maji ya nyumbani. Mkimwongezea dumu la majani, ataacha ama shule ama madrasa."

Baraza likanyamaza. Mzee wetu mmoja akavunja kimya kwa kusema kwamba basi na tusakafie uwanja wote kwa saruji, yaishe. Lakini mfuko wa msikiti haukuwa na fedha za saruji, na sakafu isiyo na kivuli huwachoma watoto miguu saa za mchana. Mjumbe mwingine akauliza kwa nini tusichote kwenye tangi la udhu. Maalim akamjibu kwa upole: maji yale wafadhili wameyatoa wakfu ili watu watawadhe, na kilichotolewa wakfu kwa jambo maalumu hakihamishiwi jambo jingine kwa matakwa ya kamati.

"Lakini," Maalim akaendelea, "maji yakishamtoka mwenye kutawadha, yanaenda wapi?"

Sote tulijua yanakokwenda. Yalikuwa yakituama nyuma ya mahali pa kutawadhia, yakifanya tope la kudumu na mazalio ya mbu. Mzee akauliza kama maji yaliyokwisha kutumika si najisi. Maalim akafafanua hukumu kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata: maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni twahara, ila hayatwaharishi tena. Huwezi kuyatawadhia mara ya pili, lakini yakikugusa nguo huna neno, na yakimwagwa kwenye majani mtoto anaweza kukaa na kuswali hapo hapo. Akaweka sharti moja: maji ya istinja na ya chooni yawe na njia yao kwenda shimoni, yasichanganyike kamwe na haya.

Tukaandika katika muhtasari mambo mawili. La kwanza, hakuna mtoto atakayebebeshwa maji kwa ajili ya majani. La pili, vijana wachimbe mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye kipara. Maalim naye akatumia nafasi hiyo kuwakumbusha watu kiasi cha maji ya udhu. Anas bin Malik (R.A.) amepokea, na imo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni robo ya pishi ile ile tunayopimia Zakatul-Fitri, nayo haifiki lita moja. Makopo ya lita moja yakawekwa mahali pa kutawadhia badala ya ndoo kubwa. Kwa kiasi hicho, waumini 40 wakitawadha mara moja tu kwa siku hutoa takribani lita 40, nazo kwa siku mbili ndizo zile ndoo nne za kipara cha mita 2 kwa 2.

Matibabu, hatua kwa hatua

Maji peke yake, tulishasema, hayatoshi. Kazi ya udongo hufanywa Septemba na Oktoba, ili mvua zije zikute pamekwisha kuandaliwa. Palipo na mabaki ya zege na matofali, chimba uyatoe, ujaze udongo mzuri. Palipo na udongo ulioshindiliwa, mwagia maji kidogo usiku ulainike. Asubuhi chukua mtaimbo, toboa matundu yenye kina cha shubiri moja, na umbali wa shubiri moja kati ya tundu na tundu. Katika matundu tia samadi ya mbuzi au ya ng'ombe iliyooza vizuri, iliyochanganywa na mchanga. Samadi mbichi haifai: huunguza mizizi.

Udongo unaokataa maji hutibiwa kwa matundu hayo hayo, lakini unyweshwaji wake ni wa polepole. Mwagia kidogo, subiri, mwagia tena. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini na kuachwa idondoke juu ya kipara hufanya kazi kuliko ndoo inayomwagwa kwa kishindo. Wakati wa kunywesha ni asubuhi mapema au jioni jua likipoa, na ni heri kunywesha mara mbili kwa wiki hadi maji yafike chini, kuliko kulowesha juu kila siku; mizizi hufuata maji, na yakibaki juu nayo hubaki juu ikaungua.

Palipo na mbuzi, mhamishe, kisha mwagia maji mengi mara moja ili chumvi ya mkojo ishuke chini. Palipo na mabuu, fukua. Kuku watamaliza kazi hiyo bila ya malipo. Mchwa hupendelea majani makavu, kwa hiyo udongo ukiwa na unyevu na samadi iliyooza, na majani hai yakarudi, madhara yao hupungua.

Mvua zikishatulia, Desemba, panda. Chukua vitawi vya ukoka kutoka sehemu yenye afya katika uwanja huo huo, kila kimoja chenye pingili tatu. Fukia pingili mbili, acha moja juu, shubiri moja kutoka kitawi hadi kitawi, kisha kanyagia kidogo kwa mguu. Zungushia miba au matete, uwakataze mbuzi na watoto kwa wiki sita hivi. Mvua zikikatika katikati ya wiki tatu za mwanzo, hapo ndipo maji ya udhu, au maji uliyooshea mboga na mchele nyumbani, yanapokuwa na thamani.

Kinga

Kipara kilichopona hurudi kama sababu yake haikuondolewa. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasimwagwe kila siku mahali pamoja, kwa kuwa chumvi zake huufanya udongo ugande. Majivu yasilundikwe penye majani, wala taka zisichomwe hapo. Fundi achanganye zege juu ya bati au ubao. Sherehe zetu za ndoa na Maulidi ziwe na mahali pamoja pa kudumu pa mafiga, kwa sababu moto wa sufuria la pilau hubabua udongo. Mbuzi abadilishiwe kigingi kila siku. Na anayefyeka asikwangue hadi udongo ukaonekana. Aache kimo cha vidole vitatu vilivyolazwa, ili majani yakitie kivuli kitako chao yenyewe.

La mwisho katika kinga ni njia. Palipo na nyayo za watu kila siku, majani hayatashinda. Panga matofali au mawe bapa, uipe njia heshima yake, na majani ya pande zote mbili yatapumzika.

Mvua za msimu uliofuata zilipomalizika, kipara cha mbele ya madrasa kilikuwa kimefunikwa kwa sehemu kubwa, ila ukanda wa langoni, ambao tuliupangia matofali. Tope la nyuma ya mahali pa kutawadhia lilikauka. Kiangazi kilipoingia, ukoka ulilala kama kawaida yake, nasi tukauacha ulale. Watoto sasa hutandika mikeka yao juu ya majani hayo makavu, na vumbi limepungua. Yule mama tuliyemtaja huleta wanawe wote wawili, naye bintiye hajakosa darasa kwa sababu ya dumu la maji.

Tunawanasihi wenye nyumba, kabla ya kuagiza ndoo ya maji kwa ajili ya uwanja, wachukue kwanza msumari na kisu, wauchunguze udongo, kisha wajiulize maji hayo yatabebwa na nani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi aliyotukabidhi, na wapole kwa wale tunaoishi nao juu yake. Wabillahi tawfiq.